Vidoa Chini ya Jani

(Mazungumzo haya yalitolewa redioni katika kipindi cha ibada ya asubuhi, na yamechapishwa hapa kwa ombi la wasikilizaji.)

Somo letu asubuhi hii latoka katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, tangu mstari wa 10 hata wa 19. Aliye na Biblia karibu naye na aiweke wazi hapo. Lakini kabla hatujafika Dameski, twaomba mpite pamoja nasi katika chumba kidogo cha kanisa moja la mawe, huku kwetu milimani, tulitazame kangaga.

Kangaga, kwa msikilizaji asiyelijua kwa jina hilo, ni ule mmea usiotoa maua wala matunda, wenye majani marefu yaliyopangwa vijani vidogo pande zote mbili kama mifupa ya samaki. Huota kando ya vijito na penye vivuli. Wengi wetu tumeyakata makangaga tangu utotoni, tukayapeleka kanisani kupamba siku ya Mavuno. Na siku hizi watu huyapanda katika vyungu na kuyaweka ndani ya nyumba.

Kangaga hili letu lililetwa kwa ajili ya arusi. Arusi ikaisha, maharusi wakaenda zao, wapambaji wakafungasha vitambaa vyao, na kangaga likasukumwa katika vestri, yaani chumba kile ambamo makasisi na wanakwaya huvaa kanzu zao. Likawekwa juu ya kabati la vitabu vya zamani, mbali na dirisha. Lilikuwa mali ya kanisa zima, na ninyi mwajua jinsi kitu cha watu wote kinavyotunzwa. Tulipohamishiwa parishi ile tulilikuta pale pale. Majani yake mengi yalikuwa yamekauka yakawa rangi ya ugoro, na yale machache yaliyobaki mabichi yalikuwa na vidoa vya kahawia upande wa chini.

Habari yake ikaja mbele ya kikao cha wazee wa kanisa, mwishoni kabisa, katika yale yaitwayo mambo mengineyo. Mzee mmoja akasema limekwisha kufa, litupwe. Wa pili akasema halijafa bali ni gonjwa. Akaligeuza jani moja, akatuonyesha vile vidoa, akasema hao ni wadudu, na ya kuwa wataenea katika bustani yote. Wa tatu akauliza bei ya dawa ya kunyunyiza. Hivyo kwa muda wa dakika tano tukawa na hukumu tatu, na hakuna aliyekuwa ameinuka kwenda kulishika.

Twapenda mjue kwamba katika kikao kile kile, muda mfupi kabla ya hapo, wazee walikuwa wamezungumza juu ya mtu. Naye alizungumzwa kwa namna hiyo hiyo. Tutamrudia.

Alikuwapo kati yetu mama mmoja mwenye kitalu cha miche kando ya barabara. Yeye hasemi sana vikaoni. Siku ile aliuliza jambo moja tu: “Kasisi, kuna mtu aliyetia kidole katika udongo wake?” Kijana anayefagia kanisa akajibu kwa haraka, maana aliona kama analaumiwa: “Mama, mimi hulimwagilia kila Jumamosi. Sijakosa hata mara moja.” Yule mama akamwuliza, “Nayo maji huenda wapi?” Kijana akasema, “Hutoka chini papo hapo.”

Hilo ndilo lililokuwa likiliua. Udongo wenye mboji nyingi ukiachwa ukauke kabisa, hunywea, ukaachana na ukingo wa chungu, nao ukishafika hapo hukataa maji. Mtu akimwaga maji juu, hayaingii ndani; hushuka kandokando katika ule mwanya, yakatokea chini. Sahani iliyo chini ya chungu yajaa maji, mwenye kumwagilia aona kwamba ametimiza wajibu wake, na mizizi iliyo katikati ikafa kwa kiu. Yule kijana alikuwa mwaminifu. Maji yake yalikuwa maji mema. Lakini hayakufika. (Mzee mmoja alinong'ona kwamba hata mahubiri huwa hivyo, nasi tulijifanya hatukusikia.)

Mama wa kitalu akalichukua kangaga kwake. Alilofanya twataka kulieleza kwa urefu, kwa maana huenda mnalo la namna hiyo nyumbani, na kwa maana utaratibu wake una neno ndani yake.

Kwanza alikata majani yote makavu karibu na udongo, ila hakugusa vile vichipukizi vidogo vilivyo katikati, hata vilivyoonekana vimekufa. Kisha akatia maji ya mvua katika ndoo, akakizamisha chungu chote hata maji yakafunika udongo. Mapovu yakapanda kwa muda mrefu. Alikiacha humo hata mapovu yakakoma, karibu nusu saa, kisha akakiinua akakiacha kichuruzike. Akakiweka penye mwanga wa kutosha lakini jua lisipopiga, mbali na jiko na moshi. Tangu hapo akawa anatia kidole katika udongo kila asubuhi, akimwagilia pale tu ulipoanza kukauka juu, wala hakuuacha ukauke tena hata ndani.

Na mbolea? Mmoja wetu alimpelekea samadi kwa nia njema, akikumbuka yule mtunza shamba wa mizabibu katika Injili ya Luka sura ya 13, aliyeuombea mtini mwaka mmoja zaidi apate kuupalilia na kuutilia samadi. Mama akaipokea samadi, akashukuru, akaiweka kando. Akasema mtini ule ulikuwa na nguvu, ila ulikuwa hauzai tu. Lakini mmea huu umezimia, na mizizi iliyodhoofika huunguzwa na mbolea. Aliyezimia kwa njaa hapewi nyama ya kuchoma. Atapewa uji, tena kidogo kidogo. Samadi ilingoja hata majani mapya yalipofunguka, nayo ilikuwa imekwisha kuoza vizuri, ikachanganywa na mchanga na udongo mweusi.

Wala hakuuliza jina lake. Sisi ndio tuliouliza, maana watu tuliosoma vyuoni hupenda kuanzia hapo. Tulitaka kujua ni kangaga la aina gani, ili tutafute kitabuni namna ya kulitunza. Naye akatujibu kwa upole kwamba kwa hali lile lilivyo halina sura. Majani mawili matatu yaliyonyauka hayamwonyeshi mtu kitu. Makangaga ya nyumbani hufanana sana, na alama za kuyatofautisha huonekana katika jani lililokomaa, lenye afya. Kwa hiyo, alisema, tulinyweshe kwanza, nalo likishapona litatuambia lenyewe ni nani.

Wasikilizaji, hapo ndipo penye neno letu la leo. Sisi twataka kumjua mtu kwanza, ndipo tumsaidie. Twataka kujua ni wa dhehebu gani, ni wa nani, alikosa nini, na kama anastahili. Tena twataka kuyajua hayo siku ile ile aliyonyauka, siku ambayo hata mama yake mzazi asingemtambua.

Majuma machache yakapita, kikatokea cha kwanza. Jani jipya la kangaga halitoki limenyooka. Hutoka limejikunja kama konokono, ncha yake laini ikiwa imefichwa katikati, kisha hujikunjua polepole kutoka chini kwenda juu. Waingereza huliita jani hilo changa kwa jina lile lile la fimbo ya askofu, maana kichwa cha fimbo ile kimekunjwa vivyo hivyo. Ninyi mliomwona Askofu akija kutoa Kipaimara mwajua. Basi kutoka katika udongo ule ambao wazee waliukatia tamaa zikainuka fimbo saba za kiaskofu, zimefunikwa malaika ya kahawia.

Majani yalipokomaa, vile vidoa vikarudi. Vilirudi chini ya majani mapya yenye afya, na hapo mama akatuita tukaviangalie kwa utulivu. Vilikuwa vimepangwa safu mbili katika kila kijani kidogo, moja huku na moja huku, kwa kadiri ile ile, kama vifungo vya kanzu. Wadudu magamba hawakai hivyo. Wao hujibandika ovyo, hata juu ya jani na katika vikonyo. Ukikwaruza kwa ukucha hubanduka. Huacha utomvu unaonata, na sisimizi huufuata. Lakini hivi vilikuwa vifuko vya uzazi vya kangaga lenyewe. Ndani ya kila kimoja mna chembe ndogo kama vumbi, na kwa chembe hizo makangaga huendeleza kizazi chake. Ile tuliyoiita ugonjwa ilikuwa uzao wake. Kama dawa ingalinunuliwa, tungalinyunyizia sumu kitu kilichokuwa kikijitahidi kuzaa katika kiu yake.

Watu wa Ulaya zamani walisumbuka sana juu ya jambo hili. Waliona kangaga halina ua, wakaamini kwamba lina mbegu isiyoonekana, na ya kuwa mtu akiipata yeye naye hataonekana. Yule aliyeeleza wazi mpango wote alikuwa Mjerumani, Wilhelm Hofmeister, katika kitabu alichokitoa mwaka 1851. Hakuwa mtu wa chuo kikuu wakati ule. Alifanya kazi katika biashara ya baba yake ya kuchapa muziki, akajifunza mimea mwenyewe kwa kuitazama. Chembe ikianguka penye unyevu, huota kijani chembamba kilicho kidogo kuliko ukucha, mara nyingi chenye umbo la moyo. Juu ya hicho, katika utando wa maji, mbegu za kiume huogelea zikaifikia ya kike, na hapo ndipo kangaga jipya huzaliwa. Yote hayo hutendeka chini, mahali ambapo mtu hainami.

Sasa jina. Mama alipoligawanya kangaga ili kulipanda upya, alikuta katika mizizi viazi vidogo, ukubwa wa kete za bao, vyenye magamba membamba. Akakipasua kimoja; kilijaa maji. Ndipo tulipofahamu jinsi lilivyoishi miezi ile yote juu ya kabati. Na viazi hivyo ndivyo vilivyolitambulisha. Liko kangaga mashuhuri la majumbani liitwalo la Boston, nalo hufanana na hili sana, ila halina viazi. Lenye viazi, tena ambalo vijani vyake vimebanana na kupandiana juu ya kikonyo, wataalamu huliita Nephrolepis cordifolia. Huota porini huko Asia na Australia, nalo limepelekwa duniani kote kwa mapambo. (Tahadhari kidogo: msilitupe kando ya mto au msituni. Huko Afrika Kusini na katika jimbo la Florida, Marekani, limeenea likahesabiwa kuwa gugu.)

Jina hilo lilitushtua, nasi tutawaambia kwa nini. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa Kigiriki kidogo, na mengi yake huyeyuka, lakini mengine hubaki. Neno la kwanza ndani ya jina hilo ni figo, kwa sababu kifuniko cha kila kidoa kina umbo la figo. Neno la pili ni gamba. Na lile la mwisho, ambalo ni Kilatini, lasema jani la moyo. Sasa, neno hilo la Kigiriki la figo latokea mara moja tu katika Agano Jipya lote, katika Ufunuo sura ya 2, mstari wa 23, pale Bwana asemapo kwamba yeye huchunguza mafigo na mioyo. Watafsiri wetu waliandika viuno. Watu wa Biblia waliona kwamba moyo una mawazo ya mtu, na mafigo yana yale yaliyofichika zaidi, ambayo hata mwenyewe huenda hayajui. Kumbe mmea uliosahauliwa katika vestri ulikuwa umebeba viungo hivyo viwili katika jina lake. Na neno la gamba nalo latokea mara moja tu. Liko katika somo letu: ndilo lililoanguka kutoka machoni pa Sauli.

Basi tumefika Dameski. Sauli yu ndani ya nyumba ya Yuda, katika barabara iliyonyoka. Siku tatu haoni, hali wala hanywi. Anania aambiwa aende kwake, naye ajibu kwa adabu kwamba amekwisha kusikia habari za mtu huyu, tena kwa watu wengi. Tafadhalini angalieni kwamba Anania hakusema uongo. Habari zile zilikuwa za kweli. Sauli alikuwa amewatesa watakatifu Yerusalemu, na barua za kuwafunga alikuwa nazo. Hata hivyo, habari za kweli kutoka kwa watu wengi hazikumwambia Anania ni nani aliyekuwa amelala mle chumbani siku ile.

Akaenda. Na tazameni mpango wa kazi yake. Aliingia, akaweka mikono yake juu yake, akamwita ndugu. Hakumhoji kwanza. Hakumtaka alete ushahidi wa wazee wawili. Mikono ilitangulia, na jina la ndugu likafuata mikono, na magamba yakaanguka baada ya hayo yote. Kisha Luka aongeza jambo ambalo wahubiri huliruka kila mwaka: Sauli alikula chakula, akapata nguvu. Mtume wa Mataifa alihitaji kulishwa na mtu fulani, nasi hatukuambiwa ni nani aliyepika.

Tuliahidi kumrudia yule mtu aliyezungumzwa kikaoni. Yeye ametupa ruhusa tuyaseme haya bila jina. Ni mama aliyeimba katika kwaya miaka mingi. Akaanza kukosa mazoezi, kisha ibada. Alipokuja alisinzia wakati wa mahubiri, jambo ambalo si geni katika kanisa, wala si kosa la msikilizaji siku zote. Macho yake yalikuwa mekundu. Mikononi alikuwa na alama nyeusi. Watu wakasema amerudi nyuma. Wengine wakasema anakunywa. Wengine wakasema ana mwanamume ampigaye. Shauri lililoletwa kikaoni lilikuwa kwamba jina lake liondolewe katika kwaya, naye azuiliwe Meza ya Bwana mpaka atakapokuja kujieleza mbele ya wazee. Shauri hilo liliahirishwa mwezi mmoja. Kuahirisha ndiko kulikomwokoa, kwa maana mwezi ule mama wa kitalu alikwenda nyumbani kwake.

Alikwenda na mwenzake mmoja, bila daftari wala swali. Walikuta nguo za kufua, wakafua. Walikuta mama yake mzazi, bibi wa miaka zaidi ya themanini, amekaa mlangoni. Jioni ilipofika mmoja alisema, “Dada, nenda ukalale. Mimi nitakaa na mama.” Yule dada akalala saa kumi na moja bila kugeuka. Wakarudi Jumanne, wakarudi Ijumaa. Katika juma la tatu akaanza kusema mwenyewe, bila kuulizwa.

Mama yake ana ule ugonjwa wa kusahau ambao hospitalini huitwa dimenshia. Si uchawi, wala si laana ya ukoo, kama majirani walivyokuwa wakinong'ona. Ni ugonjwa wa ubongo. Usiku bibi huamka akafungua mlango aende nyumbani kwa baba yake, aliyefariki zamani sana. Binti akimshika asitoke, naye humshika binti kwa nguvu za hofu, asimtambue, akidhani ni mwizi. Zile alama nyeusi zilikuwa za vidole vya mama yake. Kwa muda wa karibu mwaka mzima yule mwimbaji wetu hakuwa amelala usiku mmoja kamili. Alikuwa ameficha kwa sababu aliona haya kusema kwamba mama yake amempiga. Vidoa vile vilikuwa heshima kwa mzazi.

Msifikiri kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Kwaya hajarudi, asema pumzi haijatosha. Bibi haponi, na madaktari wamesema wazi kwamba hataweza kupona. Lakini wazee walipokutana tena, aliyeleta shauri lile ndiye aliyeomba lifutwe, na mke wake amechukua zamu ya Ijumaa. Dada huja ibada ya kwanza asubuhi, hukaa karibu na mlango, hushiriki Meza ya Bwana, kisha huwahi nyumbani. Tumemwomba mhubiri wa ibada ile asirefushe.

Kangaga liligawanywa mara tatu. Sehemu moja imerudi vestri, mbele ya dirisha safari hii. Moja imebaki kitaluni. Ya tatu imo nyumbani kwa yule dada, katika mkebe wa mafuta ya kupikia, na bibi amelipenda mno. Hulimwagilia mara nne tano kwa siku, kwa kuwa kila mara amesahau kwamba amekwisha kulimwagilia. Binti yake hakumkataza. Amechukua msumari akatoboa matundu zaidi chini ya mkebe.

Na tuombe. Ee Baba, twawaweka mikononi mwako wote waliokesha usiku uliopita wakimchunga mzazi, na wazee wasiokumbuka tena majina ya watoto wao. Uwape usingizi usiku wa leo, na mtu wa kukaa mlangoni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.